Ploumanac'h na Jirani Zake: Pwani ya Mawe, Wajane na Watu wa Pangoni

Qur'ani Tukufu imetuhimiza, zaidi ya mara moja, tutembee katika ardhi na tuzingatie mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tunapoitaja safari ya Ulaya, fikra hukimbilia miji mikubwa yenye minara na maduka. Wiki hii tunawaalika wasomaji wetu mahali pengine kabisa: pwani ya mawe na upepo iliyoko kaskazini ya jimbo la Bretagne, katika ncha ya magharibi ya Ufaransa. Watu wa huko si wa dini yetu wala si wa lugha yetu. Lakini bahari iliyowalea ndiyo iliyowafisha, na wanawake wao wameketi ufuoni wakingoja matanga kama walivyongoja bibi zetu wa Lamu, Siyu na Faza. Tena, kwa qudra ya Mwenyezi Mungu, katika shamba moja la bara yao husomwa kila mwaka aya za Suratul Kahf.

Kijiji cha mawe ya waridi

Ploumanac'h ni kijiji kidogo kilicho chini ya mji wa Perros-Guirec. Ukanda wake wa pwani huitwa Pwani ya Itale ya Waridi, na jina hilo halikutiwa chumvi. Itale ni jiwe gumu lililotokana na uji wa moto ulioganda chini ya ardhi, na hili la Ploumanac'h lina umri wa miaka milioni 300 hivi. Rangi yake ni ya waridi lililoiva, na jua linapotua hugeuka ikakaribia wekundu wa shaba.

Ajabu zaidi ni maumbo yake. Mvua, chumvi na mawimbi vimeyala mawe hayo kidogo kidogo mpaka yakabaki mapande makubwa kuliko nyumba, yamepandana bila ya chokaa wala mkono wa mwashi. Wenyeji wameyapa majina kwa kuyafananisha na wanyama na vitu vya nyumbani, na watoto hushindana kubuni majina mapya. Kati ya mawe hayo umesimama mnara wa taa uitwao Mean Ruz, maana yake kwa Kibretoni ni Jiwe Jekundu. Mnara wa kwanza uliangamizwa na majeshi ya Wajerumani mwaka 1944. Uliopo leo ulijengwa baada ya vita kwa mawe yale yale ya waridi, hata mtu akiutazama kwa mbali hudhani umeota kutoka mwambani.

Mwaka 1215 au 2015, mawe ni yale yale. Lakini kijiji kimebadilika. Mwaka 2015 watazamaji wa televisheni ya Ufaransa walikichagua Ploumanac'h kuwa kijiji kinachopendwa kuliko vyote nchini mwao, na tangu hapo wageni wa kiangazi ni wengi. Anayetaka utulivu afike masika yao au mwanzo wa vuli.

Mtu wa pwani yetu atastaajabia pia maji. Kwetu, bamvua kubwa pale Kilindini huinua bahari kiasi cha mita 4. Huku, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 8. Bandari iliyojaa maji asubuhi, adhuhuri huwa uwanja wa mchanga na mwani, na mashua zimelala ubavu. Mkondo unaporudi huja kwa haraka na huzunguka miamba kabla mtu hajatambua. Kwa hiyo kila mwenyeji ana jedwali la maji nyumbani kwake, na hakuna anayekwenda kuokota chaza bila ya kulitazama.

Njia ya walinzi wa ushuru

Kando ya mwamba hupita njia nyembamba ya miguu. Mwishoni mwa karne ya 18 serikali ya Ufaransa iliitengeneza ili walinzi wa ushuru waweze kuzunguka usiku na mchana wakiwawinda wachukuzi wa magendo. Walinzi hao hawapo tena, na njia imebaki kuwa ya watembeaji, ikiizunguka pwani nzima ya Bretagne kwa takriban kilomita 2,000. Kipande cha kutoka Perros-Guirec hadi Ploumanac'h kinaweza kutembewa na familia yenye watoto kwa asubuhi moja. Kutoka juu huonekana Visiwa Saba, ambavyo ni hifadhi ya ndege wa baharini. Ndege wenye midomo ya rangi walikuwa wakipigwa risasi kwa mchezo tu mpaka mwaka 1912, watu wenye huruma walipoungana kuzuia uovu huo.

Ufuoni pana kijumba cha mawe kilichojengwa juu ya mwamba, ambacho maji yakijaa hukizunguka pande zote. Ndani yake mna sanamu ya mtawa wa kale aitwaye Guirec. Zamani wasichana waliotaka mume walikuwa wakiichoma sindano puani sanamu ya mbao iliyokuwapo, na sindano ikikaa, waliamini kuwa ndoa i karibu. Pua ililiwa na sindano hata ikabidi iwekwe sanamu ya jiwe. Tusiwacheke mno. Sisi tuliofunzwa kuwa riziki na ndoa hutoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake, bado tunao miongoni mwetu wanaofunga vitambaa na kununua hirizi kwa haja hiyo hiyo.

Hatua chache kutoka mnarani kuna banda la mashua ya uokozi, lenye reli inayoteremka hadi majini. Mashua hiyo huendeshwa na watu wa kujitolea: wavuvi, mafundi, wenye maduka. Simu ikilia usiku wa dhoruba, huacha vitanda vyao wakaenda kuwatafuta wasiowajua. Chama chao cha taifa kilipata sura yake ya sasa mwaka 1967, vyama viwili vya karne ya 19 vilipounganishwa. Kwa nini watu wa kawaida wamejifunga kazi nzito namna hiyo? Jawabu liko mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, upande wa mashariki.

Ukuta wa waliopotea

Karibu na mji wa Paimpol kuna kijiji kiitwacho Ploubazlanec. Ukiingia katika makaburi yake utakuta ukuta mrefu uliopangwa vibao. Kila kibao kina jina la chombo, jina la nahodha au mabaharia wake, na mwaka. Chini ya vibao hakuna makaburi, kwa kuwa hakuna maiti iliyorudi. Huu ndio Ukuta wa Waliopotea Baharini.

Kuanzia mwaka 1852 hadi 1935, vyombo vya matanga vya Paimpol vilikuwa vikienda kuvua katika bahari ya Iceland, karibu na barafu ya kaskazini. Vilitweka mwezi wa Februari, baridi ikiwa bado kali, na havikurudi mpaka mwisho wa kiangazi. Wanaume walisimama sitahani wakivua kwa mishipi samaki mweupe wa maji baridi aitwaye kodi, wakamtia chumvi na kumpanga ngamani. Nyumbani, wake zao walilima mashamba, walilea watoto, waliuguza wazee na kukopa dukani kwa ahadi ya samaki ambao hawajavuliwa.

Katika miaka hiyo vyombo 120 hivi havikurejea, na mabaharia wapatao 2,000 walipotea. Kwa vijiji vichache vya pwani, hesabu hiyo ina maana ya kwamba hapakuwa na nyumba isiyoguswa. Katika baadhi ya safari, baba na mwana au ndugu wa tumbo moja walikuwamo chombo kimoja, na dhoruba moja ikaifunga nyumba nzima. Mwandishi Pierre Loti alikitungia msiba huo kitabu mwaka 1886, na tangu hapo Ufaransa yote ikaujua.

Juu ya kilima kilicho karibu na kitongoji cha wavuvi cha Pors-Even umesimama msalaba wa jiwe ambao watu wameuita Msalaba wa Wajane. Hapo ndipo wanawake walipopanda mwisho wa msimu kutazama upeo wa bahari. Chombo kikionekana, walikitambua kwa matanga yake kabla hakijafika. Mmoja aliteremka mbio kwenda kuwasha moto. Mwengine alibaki amesimama. Siku zilipita, vyombo vyote vilivyosalimika vikatia nanga, na aliyebaki kilimani akawa hajui ajiite mke au mjane.

Mke wa aliyepotea

Swali hilo si la Bretagne peke yake. Wazee wetu waliposafiri kwa majahazi, waliondoka kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na mke alihesabu miezi kwa pepo. Hata leo, kila msimu wa kusi huleta habari za mashua iliyozama na mvuvi asiyeonekana. Msiba wa namna hii una uchungu wa peke yake: hakuna jeneza la kusindikiza, na matumaini hayakatiki. Jirani mmoja atasema ameonekana mahali fulani, na moyo wa mke huanza upya.

Sharia yetu haikumwacha mwanamke huyo gizani. Mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa huitwa na wanavyuoni mafqud. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alihukumu kuwa mke wake angoje miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa, yaani miezi 4 na siku 10, ndipo awe huru kuolewa. Wanavyuoni wa Kimaliki waliishika hukumu hiyo. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo ya wengi wa watu wa pwani yetu, aliikubali katika kauli yake ya kale; katika kauli yake mpya alisema kuwa mke hubaki katika ndoa yake mpaka ipatikane yakini ya kifo au ya talaka.

Kwa kuwa ziko kauli zaidi ya moja, mwanamke asijiamulie mwenyewe, wala asiamuliwe na mashemeji au majirani. Afike kwa kadhi. Mahakama za Kadhi zimetambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya katika mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu. Nayo Sheria ya Ushahidi ya nchi, katika kifungu cha 118A, inasema kuwa mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe kinyume chake.

Katika yote hayo, linalotafutwa ni ushahidi. Chombo gani kilitoka? Siku gani? Nani alikuwamo? Nani aliyekiona mara ya mwisho? Ukuta wa Ploubazlanec unazo habari hizo kwa sababu kila chombo kiliandikiwa mabaharia wake kabla ya kung'oa nanga. Kwetu, mashua nyingi ndogo hutoka alfajiri na wanaojua nani alipanda ni wale wale waliopanda. Zikizama, mjane hubaki hana hata karatasi moja ya kumpelekea kadhi, na watoto hubaki na mirathi isiyogawika.

Kuhusu waliokufa maji wenyewe, tunalo la kutufariji. Mtume wetu (S.A.W.) alimtaja aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi. Na katika madhehebu ya Shafi yafaa kumsalia maiti aliye mbali, kama Mtume alivyomsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, hali ya kuwa mwili wake haukuwapo Madina.

Watu wa Pangoni katika shamba la Bretagne

Tukiiacha bahari na kuelekea bara, kupita mji wa Lannion, tunafika wilaya ndogo ya Le Vieux-Marché. Hapo, katika kitongoji cha nyumba chache na miti, kuna kanisa dogo lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 18. Ajabu ya kwanza ni kuwa limejengwa juu ya kaburi la mawe makubwa la watu wa kale sana, waliokuwapo kabla ya Ukristo. Ajabu ya pili ni majina ya wanaotukuzwa humo: ni wale vijana saba waliolala pangoni, ambao sisi tunawaita As-habul Kahf.

Wakristo husimulia kuwa vijana hao walikuwa wa mji wa Efeso, katika nchi ya Uturuki ya leo, na wakawakimbia watawala walioabudu masanamu. Sisi tunakisoma kisa chao kila Ijumaa. Idadi yao Qur'ani haikuikata. Imetaja maneno ya watu waliobishana, watatu, watano au saba, na mbwa wao pamoja nao, kisha ikamrejeshea Mola elimu ya hesabu yao. Wabretoni nao walikuwa na wimbo wao wa kale unaosimulia kisa hicho hicho kwa Kibretoni.

Mtaalamu wa Kifaransa wa elimu za Kiislamu, Louis Massignon (1883–1962), aliyekuwa akifundisha Paris katika Collège de France, alishangazwa na kufanana huko. Mwaka 1954 aliwaalika Waislamu, wengi wao wafanyakazi waliotoka Afrika Kaskazini, wafike katika sikukuu ya kijiji hicho, mwezi wa Julai. Ikumbukwe kuwa mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, vita vya kupigania uhuru wa Algeria vilianza, na chuki baina ya pande mbili ikawaka kwa miaka minane. Hata hivyo mkutano wa Le Vieux-Marché haukufa. Mpaka leo hufanyika kila mwaka katika Julai. Wakristo hufanya ibada yao kanisani kwa namna yao. Waislamu hukutana kwenye chemchemi iliyo karibu, ambayo maji yake hutoka katika matundu saba, na hapo husomwa aya za Suratul Kahf. Kisha watu huketi pamoja wakala na kuzungumza. Hakuna anayetakiwa kuiacha dini yake mlangoni.

Msomaji huenda akauliza: pango na ukuta vinahusiana vipi? Watu wa pangoni walitoweka machoni mwa jamaa zao, wakahesabiwa kuwa wamekwisha, na Mola wao akawa anawageuza ubavu kwa ubavu usingizini. Aliyefichika kwa watu hakufichika Kwake. Mjane wa Paimpol na mjane wa Kizingitini, kila mmoja katika imani yake, wameegemea tumaini hilo hilo, kwamba iko siku ya kufufuliwa na kukutana.

Kwa anayekusudia safari

Mgeni kutoka Kenya huhitaji viza ya Schengen. Kutoka Paris kuna treni hadi Lannion, na kutoka hapo mabasi au gari la kukodi. Majira ya kiangazi jua huchelewa mno kutua: mwezi wa Juni Magharibi huingia baada ya saa nne za usiku, na Isha huwa karibu na usiku wa manane. Ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya Swala ni rehema huko. Kibla, ambacho kwetu Mombasa ni kaskazini, huko ni kusini-mashariki.

Chakula kikuu cha pwani hiyo ni samaki, na mikate myembamba mfano wa chapati za maji, iliyopikwa kwa unga wa nafaka waiitayo ngano nyeusi. Ya yai na jibini ni salama, lakini ulizeni kwanza, kwani mara nyingi hutiwa nyama ya nguruwe. Kome hupikwa kwa mvinyo, na kinywaji cha matofaa kinacholetwa na mikate hiyo ni kileo. Vitamu vya siagi, ambavyo Wabretoni ni mabingwa wake, vitawafurahisha watoto.

Dada zetu wajue kuwa ushungi hauzuiwi barabarani wala ufuoni, lakini kufunika uso mahali pa umma kumekatazwa na sheria ya Ufaransa ya mwaka 2010. Wachukue koti la mvua hata Julai, na viatu visivyoteleza. Familia yenye watoto isikose kuvuka kwenda kisiwa cha Bréhat, dakika 10 kwa mashua kutoka Ploubazlanec. Hakuna magari ya wageni huko. Watu hutembea kwa miguu au kwa baiskeli katika vichochoro vya maua, na aliyelelewa Lamu hatajiona mgeni sana.

Tuandike majina

Wengi wetu hatutafika Bretagne, na si lazima tufike. Yako mawili ambayo yaweza kufanywa hapa hapa wiki hii. La kwanza: kila nyumba yenye mvuvi iwe na daftari lenye jina la mashua, namba yake, majina ya wanaotoka nayo na saa wanayotarajiwa kurudi, na nakala yake ikae kwa mwenyekiti wa bandari ndogo ya mahali hapo. Ni kazi ya kalamu moja na shilingi chache, na mama, mke au binti aliyesoma anaweza kuibeba. La pili: msikiti ulio na jamaa waliopotea baharini ukusanye majina yao kabla wazee wanaowakumbuka hawajaondoka, ili wasaliwe, waombewe, na wajukuu wao wajue wametoka kwa nani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliomezwa na bahari, awape subira wanaongoja, na awarudishe salama walioko majini usiku huu. Amin.